Kiti cha Prisila, Mapaja ya Bibi Yake

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi kali. Ukungu haukuondoka Njombe mpaka saa nne. Nimegonga mihuri barua kumi na moja nikiwa na glavu. Minne imekaa kichwa chini. Hakuna aliyegundua. Naandika hapa ili kumbukumbu iwepo.

Habari kubwa: Meneja amekubali! Jumamosi pikapu ya kampuni, ile ya milango minne, inakwenda Makambako kuchukua maboksi ya parachichi, na sisi tumepewa nafasi: mimi, Mama na Prisila. Jumapili mtoto mchanga wa dada Oktavia anabatizwa. Prisila ni binti mkubwa wa dada. Ana miaka sita, na anaishi nasi hapa tangu mama yake apangiwe kazi ya uuguzi kule. Hajawahi kumwona mdogo wake. Gauni limeshachaguliwa. Limeshavaliwa mara tatu.

Nilifurahi kwa dakika ishirini.

Kisha nikafungua barua za saa tano. Kazi ya karani wa masjala ni kufungua, kugonga muhuri na kupeleka kwa mhusika. Kusoma si kazi yake. Lakini bahasha moja ilikuwa na kijitabu cha usalama wa watoto ndani ya gari, chenye picha. Nikasoma. Nikasoma tena. Mara ya tatu mikono ilikuwa ya baridi hata ndani ya glavu.

Kijitabu kinasema hivi. Gari likigonga, mtoto aliyepakatwa hazuiliki. Mikono ya mtu, hata awe na nguvu kiasi gani, haitoshi. Mkanda wa gari nao umepimwa kwa mtu mzima: kwa mtoto unapita shingoni na tumboni. Kumfunga mtoto na aliyempakata kwa mkanda mmoja ni vibaya zaidi, maana mkubwa humbana mdogo. Dawa yake ni kiti kidogo kisicho na miguu, kinachowekwa juu ya kiti cha nyuma. Mtoto anainuka, mkanda unapita katikati ya bega na chini kwenye nyonga, mahali penye mifupa. Basi. Kitu kidogo hivyo.

Na Mama atampakata Prisila kiti cha mbele. Najua. Ameshasema. Alisema hata kabla sijamaliza kutoa habari.

Siku tano. Ningeweza kumwomba Meneja msaada. (Mungu anihurumie! Meneja Margareth aliwahi kunitazama mara mbili kwa siku moja na sikulala.) Ningeweza kumuuliza Remmy, dereva. Huyo ndiye kabisa simwulizi. Tangu siku nilipokataa kupanda bodaboda bila kofia ngumu ananiita Msomi. Leo aliniuliza mbele ya watu kama nalala nayo.

Sitamwomba mtu. Nitapanga mkakati.

Jumanne, 10 Juni

Mkakati unaanza na vipimo. Kijitabu kinataka uzito na kimo. Nyumbani hatuna mizani. Ofisini ipo, kule nyuma, kwenye kituo cha kupokea parachichi za wakulima.

Nikamchukua Prisila alipotoka shule. Mpima mizani ni Enoki, mtu mcheshi kupita kiasi. Nikamweleza kwamba ni zoezi la siri. Akakubali kwa sauti iliyosikika mpaka getini. Prisila akakaa ndani ya kreti, akakunja miguu, akatulia. Kilo kumi na tisa na nusu. Safi!

Sikujua kwamba mashine ya Enoki inachapa risiti yenyewe. Ikachapa. Aina ya parachichi: Hass. Kilo 19.5. Daraja: la pili.

Prisila anajua kusoma. Akasoma. Akauliza kwa nini la pili. Enoki, badala ya kunyamaza, akamwonyesha mkwaruzo kwenye goti la mtoto na kumweleza kwamba tunda lenye mikwaruzo haliingii la kwanza, sheria ni sheria, mama. Mtoto akalia kituo kizima kikasimama. Wakulima wawili wakamtetea. Mmoja alisema ngozi ya kawaida hiyo, wanunuzi wa nje wanazidi kujidai. Nikaomba irekebishwe. Enoki akasema mashine haifuti, labda mtoto arudi akiwa amepona goti.

Kimo: sentimita 113, kwa futi ya chuma ya Enoki. Kijitabu kinasema anahitaji kiti bado miaka kadhaa.

Jioni nimeandika dokezo. Nimelifikiria sana. Sikutaka jina la Prisila litajwe, wala langu, wala neno mtoto, maana wangeuliza mtoto wa nani. Kwa hiyo: "Maombi ya kifaa cha kuinulia abiria mmoja mwenye kimo cha sentimita 113, kwa ajili ya usalama wake safarini. Naomba kuwasilisha." Safi, fupi, halina hatari. Limeingia kwenye faili na faili limeanza safari yake ya meza kwa meza.

Jumatano, 11 Juni

Faili limerudi saa sita. Mapema! Dalili njema, nikadhani.

Afisa utumishi ameandika: "Sina kumbukumbu ya mtumishi wa kimo hiki. Aliajiriwa lini?" Afisa usalama kazini ameandika: "Asaidiwe haraka, ni haki yake." Meneja ameandika, kwa wino wa kijani: "Asaidiwe. Na mnijulishe ni nani, nimsalimie." Mwenye stoo ameandika: "Kimetolewa kimoja."

Saa saba kimoja kikaletwa mezani kwangu. Kigoda. Cha miguu mitatu, cha kukalia jikoni.

Nilikitazama muda mrefu. Mimi si mtu wa kukata tamaa. Nilikwenda nyuma ya jengo, mahali pikapu inapoegeshwa, nikakiweka juu ya kiti cha nyuma. Kikalala ubavu hata kabla gari halijawashwa.

Mbaya zaidi: nani asiyejua mwandiko wangu? Mimi peke yangu hupigia mistari dokezo kwa rula. Remmy alinisubiri koridoni. Akauliza kwa upole wa bandia kama yule abiria wangu wa sentimita mia moja kumi na tatu ana kitambulisho. Nikasema suala lipo kwenye mchakato. Akasema, "Sawa, Msomi. Mchakato ukikwama niite nisukume."

Angejua. Nimebeba kigoda nyumbani chini ya koti. Prisila amekikalia kula ugali. Anakipenda. Mama ameuliza kama siku hizi mishahara inalipwa kwa viti.

Alhamisi, 12 Juni

Kama hakinunuliki, kitatengenezwa! Mji mzima huu ni mbao. Nilimwendea Benno, fundi seremala, saa ya chakula. Nikamchorea. Benno alisema ametengeneza mimbari, majeneza na kabati la mchungaji, hiki kitamchukua saa moja. Kilimchukua dakika arobaini. Msonobari mweupe, sponji juu, kitambaa cha maua. Kizuri kuliko viti vyetu vya sebuleni.

Lakini mimi ni mtu makini. Hakuna mtoto atakayekalia kitu kisichojaribiwa. Nilichukua debe la viazi jikoni (Mama alikuwa kwenye jumuiya), nikavitia kwenye kiroba, kwa mizani ya Enoki, mpaka kilo kumi na tisa na nusu, nikakiketisha juu ya kiti, kiti juu ya toroli, nikafunga kamba begani na nyongani kama kijitabu kinavyotaka. Karakana ya Benno ipo juu ya mteremko. Chini kuna gogo. Benno akasukuma.

Kamba ilishika. Nasema kwa heshima yake, kamba ilishika kwa kitambo. Kisha kiti kikateleza kutoka chini ya viazi, kikapasuka vipande viwili, kiroba kikapita juu ya gogo na viazi vikaingia barabara kuu vikiwa na haraka zao. Kina mama waliokuwa wanatoka sokoni walinisaidia kuokota. Walisaidia vizuri sana. Nilirudi na nusu debe.

Benno aliinama, akachunguza mabaki, akatoa hukumu kwamba kiti hakina kosa, kosa ni la viazi.

Nikafungua kijitabu. Nilikuwa nimekisoma mara tatu, kweli, lakini kurasa tano za mwanzo. Ukurasa wa sita, herufi nene: kiti kisitengenezwe nyumbani, kinapaswa kuwa kile kilichopimwa kiwandani, chenye lebo. Kwa nini jambo hili lipo ukurasa wa sita?

Mama aligundua debe kabla sijavua viatu. Ikabidi niseme. Nilisema vibaya. Nilianza na nyonga, nikaenda kwenye kasi, nikamalizia kwamba mapaja yake si salama.

Hakugomba. Ningependa angegomba. Alikaa kwenye kile kigoda, akaniuliza kama najua nilifikaje hospitali nilipokuwa na miezi tisa. Sikujua. Kutoka Matembwe, juu ya lori la mbao, mvua, homa imenikausha. Alinipakata njia nzima. Walipofika, manesi walilazimika kumfungua vidole kimoja kimoja, maana mikono ilikuwa imekataa kumwachia mtoto. "Mikono hii, Clemens," alisema. "Leo unaniambia haiwezi kushika mtoto?"

Nimerudisha viazi vilivyobaki jikoni.

Amesema Jumamosi atampakata mjukuu wake kama kawaida. Prisila alikuwa mlangoni, na gauni lake. Aliuliza kama parachichi za daraja la pili nazo husafiri mbele.

Ijumaa, 13 Juni

Hakuna kiti. Kumekucha nimeamua: kama hakuna kiti, hakuna safari.

Ufunguo wa pikapu hukaa kwenye kabati la masjala. Chini yangu! Sijui kwa nini sikuwaza mapema. Saa nane niliutoa, nikautia kwenye bahasha, bahasha kwenye faili, faili kwenye rafu. Nilichagua faili la Mengineyo kwa sababu hakuna anayelifungua. Wazo zuri sana. Kasoro yake ni kwamba mafaili ya Mengineyo yapo saba, na nilikuwa nimefumba macho kwa woga.

Saa tisa na nusu Remmy akaja kuchukua ufunguo, aoshe gari, aweke mafuta. Nilisema upo kwenye mchakato. Akavuta kiti akakaa. Hakucheka. Alisema sura yangu ni ya mtu aliyeua. Nani kafa, Msomi?

Nikalia. Naandika ukweli, kitabu hiki hakisomwi na mtu. Nilimwambia yote: kijitabu, kreti, kigoda, viazi, vidole vya Mama, faili la Mengineyo. Nilimwambia kwamba nikifumba macho naona kioo cha mbele.

Remmy akasema kwamba kabla ya kuja kwetu alikuwa dereva wa misheni, na siku moja, kwenye ile njia ya kwenda Makambako, alisimama kusaidia gari lililogonga. Mama mmoja aliyekuwa ndani alikuwa mzima. Alikuwa ameketi kando ya barabara, mikono ameikunja hivi, kama bado amepakata. Remmy alinionyesha alivyokunja. Hakuendelea.

Halafu akaniuliza, sasa kwa hasira kabisa, kwa nini sikumwambia Jumatatu.

Kiti anacho! Anacho nyumbani! Cha kiwandani! Daktari mgeni wa misheni alikileta kwa ajili ya wanawe, alipoondoka akamwachia Remmy, na Oliva, binti wa Remmy, amekikalia mpaka alipokuwa mrefu. Siku tano! Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na kibanda cha chipsi!

Na ufunguo? Alitoa wa akiba mfukoni. Anao siku zote. Wangu uendelee kupumzika, alisema.

Tulikwenda pamoja. Kiti kilikuwa stoo. Kuku alikuwa amekilalia. Mayai tisa, siku ya kumi na moja. Remmy akasema haiwezekani kumhamisha, atayasusa. Mimi nikasema haiwezekani kutomhamisha. Tulitazamana. Tukamtazama kuku. Ndipo nikakumbuka kigoda! Nilikimbia nyumbani, nikakileta, tukakigeuza miguu juu, tukajaza nyasi kavu katikati, tukamhamisha na mayai yake moja moja kwa kijiko cha mchuzi. Aligeuka mara mbili, akanitazama kama Meneja, akakaa.

Nimekisugua kiti mara tatu. Kipo imara, hakina ufa, na Remmy ameapa hakijawahi kuwa ndani ya gari lililogonga. Lebo inasomeka: kilo 15 mpaka 36. Prisila anaingia! Anaingia hata na gauni!

Bado Mama. Nimeandika hoja kumi na nne.

Jumamosi, 14 Juni (naandika nikiwa Makambako, kwa jicho moja)

Saa moja asubuhi pikapu mlangoni. Mama katoka na kitenge kipya, ndoo ndogo ya parachichi za kumpelekea dada, akamwamkia Remmy, "Kamwene," akaenda moja kwa moja mlango wa mbele. Akakaa. Akapiga mapaja yake mara mbili, kama anavyomwita Prisila siku zote.

Nikafungua karatasi ya hoja. Hoja ya kwanza: sheria za mwendo, kwa kifupi. Nilipofika katikati nikasikia mlango wa nyuma. Prisila ameshapanda. Ameshaketi juu ya kiti, mgongo umenyooka, anatazama nje kupitia dirisha ambalo hajawahi kulifikia. Akapaza sauti kwamba anaona mpaka kanisani, kwamba hapa ndipo daraja la kwanza, na kwamba Bibi anakosa.

Mama alikaa mbele bado. Remmy akatoka, akazunguka, akainama dirishani kwake. Sikusikia yote. Nilisikia akisema, "Mama yangu, mimi ndiye nitakayeshika usukani. Nisaidie nisiogope." Remmy! Kuogopa!

Mama akashuka. Polepole. Akapanda nyuma, karibu na Prisila. Prisila akamwambia funga mkanda Bibi, hata wewe una mifupa. Akafunga. Lakini mapaja yalikuwa matupu, na nikaona kwenye kioo kwamba hawezi kuyavumilia. Akaichukua ndoo ya parachichi, akaipakata. Mikono miwili, kifuani, vidole vimeumana. Kama mtoto.

Mimi mbele. Mkanda nimefunga. Nasisitiza: nilifunga. Ila kila baada ya kilomita chache nilipaswa kugeuka kuhakikisha mkanda wa Prisila uko katikati ya bega. Kugeuka ukiwa umefungwa ni kazi. Mara ya kwanza na ya pili nilijinyonga kidogo. Remmy alisema, "Tulia, Msomi. Mtoto yuko sawa kuliko wewe."

Misonobari pande zote. Ukungu kwenye mabonde. Tulikuwa tumebakiza mwendo mfupi kufika. Nilifungua mkanda wangu mara moja tu, kwa sekunde chache, ili nigeuke vizuri nipime kwa vidole.

Kona. Matawi ya miti barabarani, ile alama ya gari lililokufa mbele. Lori la mbao, limesimama katikati. Remmy alikanyaga breki, akakata kushoto, tukaacha lami, tukatua kwenye ukingo wa udongo. Kishindo kimoja. Kisha kimya, na kitu kinachotiririka.

Damu, nilidhani. Ilikuwa parachichi. Kioo kizima cha mbele, kijani. Ndoo ilikuwa kwenye dashibodi karibu na kichwa changu, na kichwa changu kilikuwa kwenye dashibodi karibu na ndoo.

Niligeuka. Prisila ameketi palepale. Palepale! Mkanda begani, mkanda nyongani, macho makubwa. Amekamata kitenge cha Bibi yake kwa mkono mmoja. Aliuliza kama tumefika.

Mama alikuwa anatazama mikono yake. Bado ilikuwa imekunjwa kifuani, na ndani yake hapakuwa na kitu. Remmy aliiona pia. Aliacha kujaribu kuwasha gari.

"Sikuiachia," Mama alisema. "Nilishika. Nilishika kwa nguvu zangu zote."

Akanyoosha mkono, akaugusa mkanda wa Prisila, pale unapopita begani, akaushika muda mrefu. Kisha akauvuta taratibu kuona kama umekaza. Akauvuta tena. Akamwambia mtoto kwamba kweli hapo ni daraja la kwanza.

Wenye lori walikuja kutusukuma. Bampa imepinda, taa moja imekwenda. Sote wazima. Mimi nina nundu kwenye paji la uso ambayo Remmy anasema ikiota majani tutaivuna. Dada Oktavia ameitazama kwa tochi ya kazini, akaniuliza kama mkanda wangu haukuwepo. Nilimweleza kwamba nilikuwa nashughulikia usalama.

Jumapili, 15 Juni

Kabatizwa! Ambrose. Alipiga kelele kwenye maji kama abiria mwenye haki zake. Prisila amemshika dakika moja, akakiri kwamba hana mikwaruzo, ni daraja la kwanza tangu kuzaliwa.

Nje ya kanisa jirani mmoja mwema akajitolea kumrudisha dada na kichanga nyumbani kwa gari lake: dada mbele, mtoto apakatwe. Nikatafuta kijitabu mfukoni. Hakipo. Kipo kwa Mama! Amesimama kwenye ngazi, miwani puani, kina mama kama kumi na watano wamemzunguka, anawasomea ukurasa wa saba: mtoto mchanga ana kiti cha kwake kingine, kinachotazama nyuma. Nimehubiri wiki nzima, hakuna aliyenisikiliza. Yeye aliwaonyesha mikono yake tu. Aliwaambia habari ya ndoo. Mmoja akasema lakini sisi wote tumelelewa mapajani. Mama akasema ndiyo, na mapaja yapo, yanamsubiri mtoto ashuke garini.

Nikawasikia wanajadili kama jumuiya inaweza kuwa na kiti kimoja cha kuazimana kwa mwenye safari. Bibi mmoja anauliza kama kinaweza kuazimwa na mtu ambaye mjukuu wake bado hajaoa. Wameandika majina. Wameandika kwelikweli!

Ambrose tulimrudisha kwa miguu, mwendo wa dakika kumi na tano, kwenye jua zuri. Mama alimbeba njia nzima. Alikuwa na furaha kiasi kwamba aliimba.

Njia ya kurudi Njombe, jioni, hakupakata kitu chochote.

Jumatatu, 16 Juni

Meneja aliniita saa mbili na nusu. Nilikwenda nikiwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, mistari imepigwa kwa rula. Bampa! Taa! Parachichi kwenye matundu ya feni!

Alitazama nundu. Akaniambia nikae. Akasema Remmy ameshamweleza yote, na kwamba yeye ana wajukuu wanne. Akachukua karatasi, akaandika mistari miwili kwa wino wa kijani: viti viwili, vya kiwandani, vya magari ya kampuni, kwa mtumishi yeyote anayesafiri na mtoto. Akasaini. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua bahasha.

Kisha akaniuliza kwa nini sikuja kumwambia tu. Mlango ule pale, alisema. Hata haufungwi vizuri. Akasema safari nyingine nikiwa na jambo niingie niseme. Nikasema ndiyo, Meneja. Nikasema nimeelewa kabisa.

Akauliza pia habari ya ufunguo. Nikasema nimeshapitia mafaili manne ya Mengineyo.

Remmy alinipungia mkono uani. Kuku bado amekaa kwenye kigoda, ameripoti, na Prisila ameomba vifaranga viwili. Nimerudi mezani. Siku njema. Jua limetoka hata saa tatu haijafika. Nimefikiri sana juu ya yaliyotokea, kwa makini, ili nijifunze.

Chanzo cha ajali yangu ni dhahiri: dashibodi ni ngumu mno.

Si jambo la kumsumbua Meneja. Amenifanyia mengi. Nimeandika dokezo dogo: "Maombi ya kulainisha sehemu ya mbele ya gari, kwa ajili ya abiria mmoja mwenye kimo cha sentimita 170, ambaye kwa sababu za kiusalama hulazimika kufungua mkanda. Naomba kuwasilisha." Sikutaja jina. Faili limeshaondoka.

Likichelewa, Benno ana sponji. Amesema itachukua saa moja. Lazima tuijaribu kwanza, bila shaka.

Viazi vimebaki nusu debe. Vinatosha.